Umeme Uliporudi Kadutu

Kutwa nzima Lwiro nimekaa, kinasa sauti magotini,
nikihesabu milio ya sokwe yatima.
Cishugi, mlezi wao, ananisomea
kama asomaye barua ya ndugu:
"Huyo kaona mapapai. Huyo anaogopa. Huyo...
huyo hana shida. Anauliza tu kama tupo."

Naandika daftarini: saa nne na dakika kumi,
sauti fupi, mara tatu, sababu haijulikani.

Yupo mmoja, wamemwita Nsimire.
Alikutwa sokoni angali mnyonyaji, kamba kiunoni.
Mama yake hakupata muda wa kumfundisha mlio wa nyoka.
Wenzake wakipaza, yeye huwatazama midomo,
kama mgeni msibani asiyejua wimbo.

Wataalamu wanabishana.
Lugha ilianzia mkononi, wanasema hawa:
kidole kilielekeza, koo likafuata.
La, wanasema wale, alikuwa mama
aliyemlaza mtoto chini ili achimbe mizizi,
akawa anamgusa kwa sauti.
Mimi sina la kuongeza. Nina betri nne
na koti lililolowa.

Jioni nikarudi Bukavu kwa pikipiki.
Kadutu, giza siku ya tatu.
Kwenye ngazi za udongo watu tulipishana kwa kukohoa:
kikohozi chako, kikohozi changu, tumepita.
Mama Nankafu alimwita mwanawe kwa Mashi,
mtu akatukana kwa Kilingala,
redio ya betri ikanong'ona Kifaransa,
nami nikahesabu vidato kwa Kiswahili nisije nikaanguka.

Saa mbili kasoro dakika tano,
taa.

Na mlima wote, Cimpunda, Nyamugo, hadi ng'ambo ya bonde,
ukapasuka:
eeeeeeeh!
Hakuna aliyesema "umeme".
Hakuna aliyesema "umerudi".
Mlevi, kinyozi, bibi mwenye jino moja, watoto wa shule,
koo moja refu lenye madirisha.
Hata mimi. Mkono ulikuwa umebonyeza kitufe
kabla sijaujua.

Asubuhi nikamsikilizisha Cishugi.
Hakuuliza ni akina nani.
"Wameona chakula," akasema.
Akairudisha mwanzo, akainamisha kichwa.
"Au wameonana."

Nyuma ya waya, Nsimire alikuwa amesogeza midomo mbele,
mviringo mdogo, mkavu,
bila sauti bado,
akiipima.