Nyota Pembeni mwa Tukuyu

Mume wangu alinipa daftari lake,
miaka kumi na tisa ya Tunduma na Kasumulu
katika kurasa nne zenye alama za grisi:
*Makambako, kwa Mama Sanga, blanketi ni nzito.*
*Igawa, usilale.*
*Uyole, geti la kijani, maji ya moto ukiomba mapema.*
Na pembeni mwa Tukuyu amechora nyota,
bila neno.

Sasa mgongo wake umekataa usukani.
Amebaki Webuye anahesabu kuku,
na mimi, mwalimu niliyestaafu juzi,
ndiye niliyevuka mpaka na begi moja
kuiona nchi iliyokuwa ikinilia mume
wiki tatu katika kila mwezi.

Kwa Mama Sanga siku hizi wanauza mabati.
Nilisimama pale na daftari langu,
upepo wa Makambako ukinipekua
kuliko afisa yeyote wa forodha.

Ndipo nikaanza kuchagua mwenyewe.
Sitazami rangi ya ukuta, natazama kandambili mlangoni,
kama ni pacha au ni za kuokoteza.
Godoro nalipiga ngumi, mto naunusa.
Bomba nalifungua kabla ya pochi.
Nauliza baa ya jirani inanyamaza saa ngapi,
na wakiniambia, "Hapa kumetulia, mama,"
huku spika zimeanikwa juani kama mahindi,
narudisha ufunguo.

Njombe niliyasahau yote hayo
kwa ajili ya binti aliyekuwa akipiga pasi mashuka,
pasi ya mkaa, mvuke ukimfunika hadi kifuani.
Nikasema, hapa. Sikuuliza hata bei.
Nikalala na soksi, sweta, kanga mbili
na koti juu ya blanketi,
na alfajiri bado meno yalikuwa yakikariri
jedwali la saba.

Geti la Uyole bado lipo, limepakwa bluu.
Ukutani: MALIPO KABLA YA HUDUMA.
Chini yake: NI MARUFUKU WATU WAWILI
WA JINSIA MOJA KULALA CHUMBA KIMOJA.
Chini kabisa, kwa chaki: maandazi yapo.
Nikampigia simu, nikamsomea.
"Maandazi hayakuwapo," akasema,
akacheka mpaka mgongo ukamkaripia.
Kuhusu nyota sikumuuliza.

Tukuyu mvua hainyeshi, inaishi.
Nyumba yenyewe ina vyumba sita
na mgomba unaobisha dirishani kama mdai.
Mama Tusekile akanisukumia kitabu cha wageni:
jina, kabila, kazi, utokako, uendako.
"Kabila la nini?"
"Jaza tu, mama. Hatusomi."
Nikamtajia jina la mume wangu,
macho yangu usoni pake,
kama nilivyowatazama watoto chumba cha mtihani.
"Simiyu? Si ni mkoa huo?"
Akafikiri, au akajifanya kufikiri.
"Madereva hupita wengi. Wote hukoroma."
Akanipa namba tano. Ndicho kikavu, akasema.

Nilikagua. Kandambili pacha.
Mto unanuka sabuni ya kipande na moshi kidogo.
Chini ya kitanda, ndiyo, nilichungulia,
palikuwa na ndoo tu.
Nikazima taa, nikangoja kitu kinichome.
Mvua juu ya bati, mgomba,
mvua.
Ilichukua muda kugundua ninachokikosa:
hakuna lori, hakuna honi,
hakuna breki zinazopumua mteremkoni.
Barabara haifiki katika chumba kile.
Labda ndiyo nyota.
Labda kuna jingine, na Mama Tusekile analijua,
na ana haki ya kusahau wateja wake.

Asubuhi chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha,
basi la Kyela likipiga kelele huko juu.
"Hapa hukujaza," akasema, kidole kwenye *uendako*.
Nikachukua kalamu.
Nikaandika: chumba namba tano.

Akasoma, yeye aliyesema hawasomi,
akaninyooshea kiganja.
Malipo kabla ya huduma.