Kizingiti cha Etelvina

Alianza mwaka ule mumewe alipofukiwa mgodini.
Jeneza lililetwa jepesi, limepigwa misumari,
akaambiwa asilifungue.
Kanisa lilikuwa ng'ambo ya bonde, saa mbili kwa miguu,
na theluji ilikuwa imelala juu ya daraja.
Wakamzika Belarmino bila kengele.
Kesho yake shangazi yangu Hermínia
alibeba jiwe moja la itale kwenye aproni,
akalitua mlimani, penye upepo, akasema:
Hapa.
Hakusema neno jingine mpaka Pasaka.

Hakuwa mwashi. Alijua kufuma soksi, kukama mbuzi,
kuchinja nguruwe asimwage tone.
Timazi alijitengenezea: uzi wa sufu na ufunguo wa stoo.
Ukuta wa kwanza ulisimama miaka miwili,
ukalala usiku mmoja.

Padri Anselmo alipanda na punda, akamwuliza,
Nani kakutuma?
Shika hapo, baba, linateleza.
Padri akashika. Alishinda ameshika,
akateremka magharibi na kidole kimepondeka,
wala hakuuliza tena.

Sisi tulikuwa tunaondoka.
Kila basi la alfajiri lilikuwa na mtu wetu.
Ufaransa ilikuwa inajenga, ikataka mikono.
Nimemwaga zege la maghorofa Lyon,
sakafu za watu nisiowajua,
naye alikoroga lake kwa koleo, beseni moja moja.
Agosti tulirudi na magari, tukampiga picha.
Tukamcheka. Kwa upendo, lakini kicheko ni kicheko.

Mawe aliyoweza kuyabeba yalipokwisha mlimani
alianza kuandika barua.
Mwanangu, paa la nyumba ya baba yako limeingia jikoni.
Naomba mawe.
Tulimpa sote. Nani angerudi kukaa pale?
Akakibomoa kijiji polepole,
kama mtu anayefumua sweta kuukuu
apate uzi wa kufumia jipya.

Kizingiti cha Etelvina,
kilicholika katikati kwa nyayo za watoto tisa,
kikawa kidato cha altare.
Tanuri la Casimiro, masizi yake hayakutoka,
likawa kisima cha ubatizo.
Dirisha alilorukia dada yangu Graça
usiku alipotoroka na fundi saa
sasa linamwangazia Bikira Maria.

Mhandisi wa manispaa alikuja siku moja na viatu visafi.
Ukuta wa kaskazini, alisema, umeinama upana wa dole gumba,
na jengo halina kibali.
Shangazi akampakulia supu ya kabichi.
Alikula bakuli mbili, akaenda zake,
amri ya kubomoa akaisahau mezani.
Sijui kama aliisahau.

Alimaliza paa akiwa na miaka themanini na mmoja.
Kijijini walibaki watu watatu, mmoja kiziwi.
Nilimwuliza, Shangazi, waumini wako wapi?
Alijikuna chini ya kilemba, akafikiri kweli kweli.
Hiyo, alisema, haikuwa sehemu yangu ya kazi.

Amekufa Februari hii. Nimekuja kwa treni, kisha teksi,
kisha kwa miguu, kwa kuwa teksi ilikataa barafu.
Kando ya mlango wa kanisa nimekuta tundu,
upepo unaingia humo na kutoka kama mwenye nyumba.
Katika tundu, kikaratasi ndani ya chupa ya dawa:
Limebaki moja. Lichukue mekoni kwangu.

Miaka thelathini na minne ya zege,
na jiwe hili moja limenila siku nzima.
Kila nikilitia linakataa. Nimelichonga, nimelisugua,
nimening'iniza ufunguo wake kwenye uzi
nikisubiri utulie.

Padri mpya, kijana kutoka mjini, amefika anahema,
theluji magotini, kitabu cha mazishi kwapani.
Ananiuliza kama mahali hapa
pamewahi kubarikiwa.
Shika hapo, namwambia,
linateleza.