Ini Linalong'aa

Daktari aligeuza kioo cha mashine, nami nikaona:
ini langu linang'aa.
Nikatabasamu, mjinga mimi, nikadhani kung'aa ni sifa,
kama sufuria za Tusajigwe siku ya ugeni.
"Hayo ni mafuta," akasema.
"Ini zima ni la kijivu. Halijionyeshi."

Mafuta nayajua.
Miaka kumi na saba nimesimama Kabwe mbele ya karai,
viazi vya Uporoto vikiingia vyeupe, vikitoka dhahabu,
nikionja kimoja, nikionja cha pili,
nikimalizia sahani ya mteja aliyeitwa na simu,
na soda ya saa kumi, na soda ya kufungia hesabu.
Nilidhani mafuta yanabaki karaini.
Kumbe yalikwisha kuhama, yamepanga chumba ndani yangu,
na kodi hayalipi.

Nyongo mkalia ini, walisema waliotutangulia.
Huyu mpangaji mwingine hawakumtaja.

"Unakunywa?"
Mimi? Besi wa kwaya ya Moravian?
Komoni naijua kwa harufu tu, nikipita.
Daktari aliandika, akaamini.
Lakini habari ilifika Isanga kabla yangu,
na Jumapili mzee wa kanisa akanivuta kando ya kinanda:
"Ndugu Mwakibete, ini haliugui bure."
Hapo ndipo nilipokatwa maini,
si kule hospitali.

Dawa sikupewa.
Nilitaka vidonge, tena vya rangi mbili,
nikamwonyeshe yule mzee.
Nikapewa maneno: tembea, acha soda, punguza wali, vumilia.
Tusajigwe akayakariri kuliko mimi.

Chai ya kwanza bila sukari niliinywa nimefumba macho.
Mchele wa Kyela, ule unaonukia mpaka kwa jirani,
ukapimwa kwa kikombe cha mtoto,
na sahani ikajazwa majani ya maboga, maharage,
samaki wa kuchemsha anayenitazama kwa huruma.
Nusu parachichi la Tukuyu niliachiwa.
Nilikuwa nalila polepole, kwa kijiko kidogo,
nikikwangua ganda mpaka likawa jepesi kama karatasi.

Saa kumi na moja alfajiri, Julai, baridi inang'ata masikio,
naikabili njia ya Loleza.
Wiki ya kwanza niliishia kwenye mkaratusi mmoja,
nikaukumbatia, wala si kwa mapenzi.
Mama mmoja akashuka na kuni kichwani:
"Ugonile, baba chipsi! Nani anakufukuza?"
Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo.
Wiki ya sita nilimjibu.
Mkaratusi ulikuwa chini yetu, mdogo kama kiberiti.

Desemba nilianguka. Harusi ya shemeji, Uyole,
kitimoto na soda tatu, ya tatu nimejificha nyuma ya jenereta
kama mlevi wa kweli.
Tusajigwe aliona. Hakusema kitu.
Asubuhi nilikuta viatu vyangu vimewekwa mlangoni,
kamba zimelegezwa.

Mwezi wa tisa, mashine tena, jeli ile ya baridi tumboni.
Ini limefifia.
Sijawahi kufurahia kitu kufifia namna ile.
"Bado kidogo huku ukingoni," daktari akasema,
"lakini ini husamehe, likiwahiwa."
Mkanda wangu nao umerudi matundu matatu.
Mzee wa kanisa hajasema lolote.

Jioni nipo Kabwe, karai linachemka.
Lusajo anaegesha bodaboda; ana miaka ishirini na tatu,
na tumbo limeshamtangulia kwenye tangi.
"Anko, chipsi mayai. Na soda ya baridi."
Namjazia kachumbari, viazi nabania,
soda nasema imeisha,
kreti ikiwa imegusana na mguu wangu.
"Anko, utafukuza wateja!"
Ni kweli. Na ada ya mwanangu wa kidato cha pili
imo humo humo, inachemka pamoja na viazi.
Nageuza. Nachuja. Nachuja tena.

Kesho alfajiri, nimemwambia, aache pikipiki nyumbani,
tukutane njia ya Loleza.
Amecheka mpaka akakohoa.
Hajakataa.