Sabuni Iliisha

Jericho, mlango wa tatu baada ya bomba la kanjo,
Zablon Ambetsa ananikataza swali langu la kwanza.
"Kila mtoto anayekuja na kidude hicho
huniuliza muziki ulinivuta vipi.
Haukunivuta. Nilikuwa na njaa,
na mwenye baa alikuwa anapika maharagwe."

Nafuta la kwanza. La pili pia.

Anataka tuongee waya:
uzi ulivyokatika Ijumaa usiku, maduka yamefungwa,
wakafumua breki ya baiskeli ya mpiga ngoma,
na mpiga ngoma akarudi kwake Makongeni
akisimamisha kwa viatu.
Alirekodi sahani kumi na saba.
Anayo moja, imepinda;
marehemu mkewe alifunikia uji.
Malipo? Anacheka mpaka kikohozi kinamkamata.
"Andika shati. Jeupe, kola ngumu.
Na nauli, ya kwenda tu."

Kisha, sijamuuliza, anasema: sabuni.

Sabini na nne, au tano, mvua ya Aprili,
aliingia sinema kujikinga
(ukumbi ule siku hizi ni kanisa,
madhabahu yamekaa palipokuwa na pazia)
na kabla ya picha yenyewe, tangazo:
mwanamke anafua, mikono, povu, jua,
na nyuma ya povu, gitaa.
"Langu. Mtu hujua kikohozi chake hata gizani."
Alitoka, akalipa, akaingia tena.
Mara tatu. Pesa ya unga.
"Na kila mara wananikata palepale,
kidole kiko hewani."

Ngara, ghorofani, juu ya duka la miwani,
Bi. Nyokabi Theuri amenitengea kiti
mbali na kopo lake la Kimbo.
Miaka thelathini aliunga picha kwa mkasi na gundi.
Mabaki ya sakafuni mwenye studio aliyauza kwa kilo;
yeye akiiba kidogo, kidogo.
Anafungua kopo, anainua kipande dirishani:
waziri anapiga chafya.
Kingine: waziri mwingine, chafya.
"Hawa niliwaokoa," anasema. "Hawakunishukuru."
Jina lake lilipita mwisho wa filamu, N. Theuri,
watu wakiwa wamekwisha simama kutafuta koti.
Barua moja tu ilimfikia:
*Mpendwa Bwana Theuri.*

Namtajia sabuni.

Anafunika kopo. Anafunua. Anafunika.
"Ile sahani haikuwa na karatasi katikati.
Ilikuwa rafuni, na tangazo lilitakiwa saa kumi.
Nilidhani mwenyewe amekufa.
Ndivyo tulivyodhani juu ya kila mtu
ambaye hatukumlipa."
Anatoa noti mbili kwenye pochi, anazikunja.
"Mpelekee."

Ambetsa hazishiki. Zinabaki mezani
chini ya kikombe, zikipata duara la chai.
"Mwulize kwa nini alinikata."

Ngara: "Mwambie sabuni iliisha.
Sekunde thelathini, hata ungekuwa malaika."

Jericho: "Mwambie wimbo haukuisha."

Na anaazima gitaa la mjukuu,
lina nyuzi tano na kibandiko cha timu ya mpira,
anajinyonga vidole mpaka vikubali.
Anaanza pale kwenye povu.
Anafika pale, kidole hewani,
anakishusha.
Muuza mayai anapita nje akinadi.
Jirani anaburuta ndoo. Sizimi.

Sikuuliza swali lolote siku hiyo.

Bi. Nyokabi anavaa visikizio vyangu juu ya kilemba.
Anasikiliza macho yakiwa kwenye ukuta mtupu,
mkono wa kulia umelala pajani.
Najua inakaribia kwa sababu nimeihesabu:
vidole viwili vinainuka, vinafunguka,
mkasi,
na muuza mayai ananadi ndani ya masikio yake,
na gitaa linaendelea,
na vidole viko wazi,
bado viko wazi.