Funguo za Mashahidi

Usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu,
ghorofa ya nne, Makumbusho.
Nimevaa sweta la Njombe humu ndani
na nje jiji limelala madirisha wazi.

Seva ni mbili. Tunaziita Ukonga na Ununio,
maana aliyezifunga alikaa huku, mchumba wake kule.
Usiku na mchana zinaulizana:
upo?
nipo.
upo?
nipo.

Siku zisiposikiana
kila moja itadhani mwenzake amekufa
na itataka kuandika urithi peke yake.
Mafahali wawili, zizi moja, tulishaambiwa;
na nyasi zenyewe ni ada ya mtoto wa Mbagala,
ni rambirambi iliyotumwa Newala jana jioni.

Ndiyo maana pembeni zipo diski tatu.
Hazina salio la mtu, hazina hata picha.
Zimebeba funguo tu: nani yumo, nani hayumo.
Ugomvi ukizuka, zote mbili huzikimbilia.
Atakayeshika mbili kati ya tatu atabaki.
Aliyekosa huzimwa palepale, bila kwaheri.
Tatu, si mbili, si nne,
shauri lisiishe sare.

Sasa zimechakaa. Moja hujibu polepole,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Baba alinunua kiwanja Chanika kwa mashahidi watatu.
Wa kwanza akafa. Wa pili macho yakaingia ukungu.
Wa tatu alihamia Mpanda, namba haipatikani.
Baba mdogo aliposogeza michongoma hatua saba
tulibaki na karatasi, na sahihi zisizo na watu.
Hakuna aliyetuambia kwamba shahidi hubadilishwa
angali anapumua.

Saa nane na dakika kumi. Nikaandika amri.
Ukonga, unaziona mpya zote?
Naziona tatu.
Ununio?
Naona mbili.

Mmoja akikataa, wote wamekataa.
Amri ikajirudi yenyewe, kinyumenyume, kwa adabu,
na zile kuukuu zikaendelea na lindo
kana kwamba hatukuwasengenya.
Mimi jasho, kwenye baridi ile.

Kokushubila akapiga magoti nyuma ya kabati,
tochi mdomoni, kidole juu ya kebo,
kisha akaisoma karatasi yangu tarakimu kwa tarakimu
kama anayesoma majina ya waliofaulu.
Akatoa tochi. "Hapa umeandika B.
Ni nane."

Nane. Mwandiko uliochapiwa fimbo darasa la tatu
umenifuata hadi huku.

Tukarudia.
Naziona tatu.
Naziona tatu.
Ukonga ikaandika ufunguo wake, Ununio ikaandika wake,
na hapo tu, si kabla, vya zamani vikafutwa.
Uzio mpya umesimama, wa kale unang'olewa,
ng'ombe hawajainua hata vichwa.

Skrini ya pili miamala ilikuwa ikiteremka.
Saa nane na dakika arobaini na moja
mtu alinunua umeme wa elfu mbili.
Nani huyu, na giza lake la saa hiyo?
Labda ana mgonjwa. Labda ni feni tu.
Alipata tarakimu zake ishirini
katikati ya mikono yetu
na hatajua.

Alfajiri nikashuka na diski tatu
ndani ya boksi la maji ya kunywa.
Mzee Chilongani akanisimamisha getini,
akafunua boksi, akafunika.
"Hizi zimeharibika?"
"Bado kidogo."
Akanitazama kama ninayetupa sufuria lisilotoboka.

Kisha akavuta daftari lake la zamu,
akalamba kidole, akatafuta mstari,
na kwa herufi kubwa, bila haraka,
chini ya jana, juu ya kesho,
akaandika: HAKUNA TUKIO.