Jozi ya Nne

Kijana wa dukani, Niilo, anawasha mkanda chini ya miguu yangu
na kamera anailenga visiginoni.
"Kimbia kama kawaida yako," asema.
Kawaida yangu!
Miaka thelathini na moja nimegawa barua Tampere,
kawaida yangu ni ngazi za Pispala na mfuko begani,
mbwa wa nyumba namba saba, vidole vyenye ganzi,
si kukimbia papo kwa papo dirishani
wapita njia wakinihesabia pumzi.

Kisha ananionyesha picha, taratibu:
kisigino cha kulia kinatua, kinalalia ndani
kama mlevi anayetafuta bega la jirani.
Cha kushoto kinafuata, kwa haya kidogo.
"Umeona?"
Nimeona. Raba zangu kuukuu zilishanieleza bure:
soli imelika upande mmoja,
upande wa pili bado una nembo ya kiwanda.

Jozi ya kwanza ilinibana kwenye upana wa mguu.
Ya pili ilikuwa na kinundu chini ya tao la unyayo,
kokoto iliyopewa cheo.
Ya tatu, kisigino kilicheza ndani
kama kijiko kwenye kikombe kitupu.
Ya nne nikanyamaza.
Niilo akabonyeza ncha kwa kidole gumba:
nafasi ipo, ya kidole kimoja, haizidi.
Akanieleza povu gumu la upande wa ndani,
akanieleza kingo mbili zilizoinuka kulia na kushoto.
"Haikuzuii," asema, "inakuelekeza tu."

Neno hilo nalijua.
Dada yangu Aune alinifuata nyuma hadi shuleni
majira manne ya theluji:
"Nyoosha miguu, Raili!
Unatembea kama bata aliyesahau ziwa liko wapi."
Naye alikuwa akinielekeza tu.

Nimezipeleka nje. Aprili,
barafu imeyeyuka, changarawe ya majira ya baridi
bado imetapakaa njiani.
Nina daftari, lilelile la kuandikia vifurushi vilivyokosa wenyewe.

Siku ya kwanza, kilomita nne kandokando ya Pyhäjärvi:
Nzito. Zinatua pu, pu, pu, kama unga unaowekwa mezani.
Za zamani zilipiga kofi.
Siku ya pili, mvua:
Mlima zinagoma kupinda, ni ubao.
Mteremko, goti halikusema kitu.
Nikaandika tena, nikapigia mstari: goti halikusema kitu.
Siku ya tatu, kilomita tisa:
kidole kidogo cha kushoto kina lengelenge.
Ulimi wa kiatu unahama kulia. Kamba ni ndefu mno, nani alizipima?

Siku hiyohiyo, chini ya misonobari ambako jua halifiki,
barafu ilikuwa bado imejilaza, nyeusi, kimya.
Mguu wa kulia ukateleza,
kifundo kikaanza safari yake ya ndani, ileile ya miaka sitini,
nami nikaanza kufikiria hospitali, magongo,
nani atamlisha paka.
Kikafika mahali.
Kikakuta kitu.
Hakikusukumwa, hakikukemewa.
Kikageuka chenyewe, kikarudi.

Wanasema kuteleza si kuanguka.
Wanaosema hivyo huwa wamesimama pakavu.
Lakini nilisimama pale kwenye giza la miti
nikicheka peke yangu, mikono imetanuka,
mpaka mzee mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea
akaniuliza kama naumwa.

Jioni nikampigia Aune.
"Haya, zimekunyoosha?"
"Hapana. Bado nalalia ndani."
"Basi umetupa pesa."
"Nalalia ndani, Aune, ila sasa
kuna mtu mlangoni."
Akanyamaza kidogo. Nikasikia redio yake.
"Ni bei gani?" akauliza. "Na zipo za miguu mipana?"

Risiti nimeiacha ndani ya boksi.
Wamenipa siku thelathini za kuzirudisha.
Kuhusu kidole kidogo
bado sijaamua.