Tangazo la Idara ya Maji

Sheria yanitaka niwaambie
kwamba mmoja wenu anaumwa.
Sheria hiyohiyo yanikataza
kusema ni nani.

Nikachapa: "Mfanyakazi mmoja,
zamu ya usiku, mtambo wa pili."
Nikafuta mtambo.
Nikafuta usiku.
Likabaki "mmoja", limesimama peke yake
kama nguzo katika theluji ya Duluth.

Wakalisoma ukutani, kisha macho yote
yakaenda kwenye kikombe cha Anders Kvistad,
kimefudikizwa kando ya sinki tangu Jumatatu.
Hakuna aliyeuliza.
Hakuna aliyekigusa.

Siku kumi na nne za likizo, mshahara kamili:
hizo nilizipigania, simu tatu kwa meya.
Barakoa zilifika Alhamisi, pungufu,
nyingine za kuwatosha watoto.
Nikatia sahihi kwamba zimepokelewa.

Leo asubuhi Marit, mkewe, amepiga.
"Mtaje," amesema. "Sasa mtaje."
Akakata kabla sijampa pole.

Miaka tisa nimelichapa jina hilo
kwenye hundi, kila Ijumaa ya pili.
Leo nimekosea herufi.
Nikaichana karatasi, nikaanza upya.